Kidole cha Baba Kwenye Bega la Chupa

Mimi ni mtoto wa mtengeneza mvinyo, mjukuu wa mtengeneza mvinyo, na kitukuu wa mtu aliyepanda mzabibu wa kwanza kwenye mteremko wa mawe ambao majirani zake walikuwa wamewaachia mbuzi. Huyo babu wa baba yangu aliitwa Mvunja Mawe, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Mwanawe, yaani babu yangu, alichimba ghala la chini na kulijenga kwa mawe yaliyotoka shambani humo humo. Watu walipogombania mpaka wa shamba walimwita yeye asimame katikati, na alipochomeka fimbo yake ardhini hapana aliyethubutu kuisogeza. Baba yangu naye hakuwahi kuuza chupa ambayo asingeiweka kwenye meza yake mwenyewe mbele ya wakwe zake. Nawatajia watu hawa, wajukuu zangu, ili mjue mmetoka kwa nani kabla sijawaeleza ni nani aliyetaka kuwafuta.

Katika nyumba yetu jambo la kazi husemwa mara moja. Ndivyo baba alivyotulea. Alisema, akageuka, akaenda zake. Aliyesikia alisikia, aliyekuwa akichezea masikio alijifunza kwa hasara yake, na baba hakumwonea huruma. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa na desturi hiyo hiyo: aliandika ubaoni, akasoma kwa sauti, akafuta. Mimi nimeishi kwa kanuni hiyo hadi mvi hizi, na yaliyotokea katika nyumba yetu yalitokea kwa sababu kuna mtu aliisahau.

Sasa sikilizeni habari ya chupa. Baba alipokuwa kijana alikwenda kwa mfua kalibu za kuundia chupa, akakandamiza kidole gumba chake kwenye udongo mbichi, na kutokana na udongo ule ikatengenezwa kalibu ya chuma. Tangu hapo kila chupa ya kioo iliyotoka kwa ajili yetu ilikuwa na kishimo begani, chini kidogo ya shingo, mahali ambapo kidole gumba cha mmiminaji hukaa chenyewe. Mtu angeweza kufumba macho, akashika chupa kati ya chupa mia, akasema, hii ni yao. Kila aliyemimina mvinyo wetu aliweka kidole chake ndani ya kidole cha baba.

Mvinyo wetu ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na mvinyo wa kila siku, unaonywewa kabla msimu haujapita. Na kulikuwa na Mlalaji. Huyu alitoka kwenye mizabibu mikongwe ya Mvunja Mawe, akajazwa kwenye chupa ya kioo, akazibwa kwa kizibo cha gamba la mti, kisha shingo ya chupa ikachovywa kwenye lakiri ya moto hadi ikavaa kofia nyekundu. Halafu alilazwa ubavu gizani, kizibo kisikauke, akaachwa miaka mitatu bila kuamshwa. Kila hatua ilikuwa na adui mmoja tu: hewa. Mvinyo unaolala ukiingiwa na hewa hugeuka siki, na siki haina njia ya kurudi.

Ndugu yangu mdogo alipofariki, mwanawe alikuwa bado anasoma. Nilimlea. Alikula mezani kwangu, aliniita baba mkubwa, nami nikamwita mwanangu bila kujilazimisha. Alirudi kutoka chuo cha biashara akiwa na viatu vyenye ncha na neno moja mdomoni, nalo ni wepesi. Wepesi wa mzigo, wepesi wa huduma, wepesi wa maamuzi. Wafanyakazi, ambao midomo yao haikosi kazi, walimbandika jina hilo hilo. Nami nitamwita Wepesi, kwa kuwa jina lake halisi ni la babu yangu na sitaki kulichafua.

Nyumba ilikuwa na wenye sauti watatu: mimi, yeye kwa nafasi ya marehemu baba yake, na dada yangu mdogo, ambaye ninyi nyote mnamwita Shangazi hata wale ambao si shangazi yao. Siku moja Wepesi alituketisha sebuleni akaleta chupa mbili, ya kioo na ya plastiki, akaziweka juu ya mizani ya jikoni.

"Tazama mwenyewe, baba mkubwa," akasema. "Lori letu likitoka hapa, nusu ya uzito ni chupa. Sisi tunasafirisha kioo. Mvinyo umeomba lifti tu."

Shangazi alicheka hadi akakohoa. "Hapo amekupata, kaka."

"Na hazivunjiki," Wepesi akaongeza, akiidondosha ile ya plastiki sakafuni. Iliruka kama chura ikaenda kusimama chini ya kabati. "Ya kwako nayo tuidondoshe?"

"Iguse uone," nikasema.

Shangazi alikuwa na kisa chake na kioo. Kreti liliwahi kumwangukia mguuni, akachechemea msimu mzima wa mvua, na tangu hapo kila alipoona kreti alilitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata. Nilijua sauti yake itakwenda wapi. Nikasema, "Mvinyo wa kila siku utieni humo, mradi unanyweka upesi. Mlalaji asiguswe."

"Hataguswa," akasema Wepesi. "Nakuahidi mbele ya Shangazi."

Nataka kuwa mwadilifu hata kwa plastiki. Kwa mvinyo wa kila siku ilifaa. Mahoteli hayakutaka kioo karibu na mabwawa ya kuogelea, wachukuzi waliacha kulalamika migongo, na wanywaji hawakuona tofauti, kwa kuwa chupa ilikuwa tupu kabla hewa haijapata nafasi. Wepesi akavimba kichwa. Sauti mbili zikampa umeneja, naye akaja ofisini kwangu, pale chini ya picha ya baba, akanyoosha mkono.

"Funguo za ghala, baba mkubwa. Ni utaratibu tu. Wewe sasa pumzika."

Nilizifungua kiunoni nikamwekea kiganjani. Zilikuwa zimekaa pale muda mrefu kiasi kwamba mkanda wangu ulikuwa na mfuo.

Wiki ile ile ikaletwa mashine ya kusagia kioo, ikasimamishwa uani. Wepesi aliwakusanya wafanyakazi wote, akaamuru chupa zetu tupu zitolewe bohari, kreti juu ya kreti, na juu kabisa akaiweka ile kalibu ya chuma, inayokwenda kuuzwa kama chuma chakavu. Kisha akanigeukia kwa sauti ya mwenye sherehe.

"Baba mkubwa, heshima ni yako. Bonyeza wewe, uwe umeaga."

Niliweka mikono nyuma.

"Hataki," akawaambia watu. "Chupa zake nzito kama hotuba zake."

Wakacheka. Si wote, wazee wa shambani walitazama ndala zao. Lakini kicheko kilikuwepo, nami nilikisikia hadi mwisho wake. Akabonyeza mwenyewe. Mashine ilitafuna vidole vya baba yangu mchana kutwa, na vumbi la kioo likakaa kwenye majani ya mizabibu kama chumvi. Nilisimama pale pale, mikono nyuma, mpaka kreti la mwisho. Nilipata kunusuru kreti chache tu, zile nilizokuwa nazo stoo ya nyumbani kwangu.

Siku ile nilitaka vitu viwili, na sikuhitaji kuviandika mahali. Funguo zirudi kiunoni mwangu. Na yeye asimame pale niliposimama mimi, mbele ya watu wale wale, abonyeze kwa mkono wake.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyaona tangu baba afariki. Zabibu za mizabibu mikongwe zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye ngozi nene, na maji yake yalipaka mikono rangi isiyotoka kwa sabuni. Nilidhani Wepesi atatafuta kioo kokote kwa ajili ya Mlalaji. Badala yake nilikuta mashine mpya ikimjaza kwenye plastiki iliyotiwa rangi ya kijani, na juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya kidole gumba. Picha tu. Ukipitisha mkono ulikuta laini.

"Uliahidi," nikamwambia.

"Niliahidi zamani, baba mkubwa. Mashine hii haishiki kioo, na kioo chenyewe hakipo. Nani alaumiwe?"

Nilichukua fungu langu. Ni desturi yetu kwamba mkubwa wa nyumba hujaza kwa mkono chupa za meza yake, moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Wepesi aliniona na faneli yangu akacheka. "Chukua, baba mkubwa. Hata ukitaka kuogea, chukua." Nikajaza zile chupa nilizonusuru, nikaziziba kwa gamba, nikaziacha zisubiri lakiri.

Ndipo akaja na wazo lake. Wanunuzi, alisema, wanapenda mambo ya kale. Mlalaji bila kofia nyekundu hatauzika. Kwa hiyo plastiki nazo zichovywe kwenye lakiri, na mchovyaji niwe mimi, mbele ya kamera, nimevaa aproni iliyotariziwa maneno Mzee wa Lakiri. Alinivalisha mwenyewe na kunifunga kamba nyuma, kama mtoto anayepelekwa chekechea. Chungu cha lakiri kilikuwa kinachemka mezani, na Shangazi alikuwa ameketi pembeni anamenya karanga.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa maneno kamili, naye alikuwa mbele yangu umbali wa mkono.

"Plastiki haichovywi kwenye lakiri ya moto. Shingo italegea, kifuniko hakitashika, hewa itaingia. Mlalaji atakufa."

Alitabasamu kwa ajili ya mpiga picha. "Hii plastiki imetengenezwa na watu wenye shahada, baba mkubwa. Wewe chovya tu. Kuchovya ndiko tunakokuhitaji."

"Nichovye zote?"

"Zote. Na ucheke kidogo, unatutishia wateja."

Hivyo ndivyo alivyonikabidhi kisasi changu, kikiwa kimefungwa kamba nyuma ya mgongo.

Nilichovya zote. Sikucheka, lakini nilichovya kwa ustadi ule ule ninaochovya kioo, bila kupunguza moto wala kuuzidisha. Chupa ya kwanza ilipotoka kwenye lakiri nilipitisha kidole shingoni, na chini ya ile kofia nyekundu shingo ilikuwa laini kama sikio la mtoto aliyelala. Ilipopoa ikagangamaa tena, imepinda kidogo, na kifuniko ndani yake kimelegea. Kwa macho hukuona kitu. Ilipendeza. Nikachukua ya pili. Hii kwa kidole cha baba. Ya tatu. Hii kwa kalibu. Hii kwa funguo. Hii kwa kicheko. Nilikuwa na sababu nyingi, na chupa zilikuwa nyingi, na vyote vilikwenda sambamba mpaka jioni. Mwishoni, kwa lakiri iliyobaki, nikachovya zile za kioo za meza yangu, nikazipeleka nyumbani, nikazilaza ubavu.

Wepesi hakuzilaza za kwake. Alizisimamisha ghalani kwenye rafu zenye taa, ili wageni wazione, na mimi akaniweka hapo na aproni yangu niwe sehemu ya rafu. Wageni walipita wakapiga picha. "Mzee, tazama huku." Nilitazama huko. Kadiri miezi ilivyokwenda niliona lakiri inapasuka nyufa nyembamba, kama visigino wakati wa ukavu, kwa sababu plastiki hubonyea kila inaposhikwa na lakiri haijui kubonyea. Mgeni akishika chupa ililia kri kidogo, na kila kri ilikuwa pumzi moja inayoingia. Mimi sikuzigusa. Nilikunja mikono chini ya aproni. Sikutaka hata siku moja mtu aje aseme kwamba mkono wangu ulisaidia.

Kulikuwa na mnunuzi wa mahoteli, mwanamke wa maneno machache, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo na pua ambayo watu wa kazi yetu waliiogopa kama mkaguzi wa kodi. Alikuwa akichukua mvinyo wetu wa kila siku katika plastiki na kuridhika. Wepesi alikuwa amemwahidi Mlalaji, na yeye alisema atakuja kuuonja ukishalala miaka yake mitatu. Akiupenda, atachukua mazao yote ya nyumba yetu, mwaka huu na ijayo. Wepesi aliwatangazia wafanyakazi siku ya ujio wake. Alitaka waone. Nilifurahi sana kwamba alitaka waone.

Siku yenyewe meza ndefu iliwekwa ghalani, kitambaa cheupe, glasi zimepangwa. Wafanyakazi walijaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa mahali pangu karibu na chungu cha lakiri, nimevaa aproni, na chini ya meza yangu kulikuwa na kitu kimefungwa kwa taulo.

"Shikamoo, mzee," mnunuzi akanisalimu kabla ya wote.

"Marahaba, mama. Karibu."

Wepesi alibandua lakiri, akashika kifuniko. Kilizunguka bila kutoa sauti, kama kofia kwenye kichwa kisicho chake. Nilimwona anasita, kisha akamimina. Mvinyo uliopaswa kuwa mwekundu uliokolea ulitoka na rangi ya chai iliyorudiwa. Mnunuzi aliinua glasi, akaisogeza puani, akairudisha mezani bila kuonja.

"Nyingine," akasema.

Akafungua nyingine. Akafungua ya tatu, kutoka rafu ya juu. Harufu ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mfanyakazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Nani kafungua achari?"

"Huu ni wa kutia kwenye saladi," akasema mnunuzi.

"Nadhani kreti hili lilikaa karibu na dirisha," akasema Wepesi.

"Ghala la babu yetu lina dirisha tangu lini?" akauliza Shangazi.

Hapana aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kwake kuliko kicheko. Nikainama, nikafungua taulo, nikaenda hadi mezani na aproni yangu, nikaweka chupa ya kioo mbele ya yule mama. Nilivunja lakiri, nikavuta kizibo. Kilitoka kwa ule mguno mdogo ninaoujua tangu utoto. Sikummiminia. Nilimwachia ashike mwenyewe. Kidole gumba chake kikatafuta mahali pa kukaa, kikapaona. Alitazama kishimo kile, kisha akamimina. Alinusa muda mrefu. Alipoonja alivuta kiti akaketi, yeye ambaye hakuwa ameketi tangu aingie.

"Huu ni upi?"

"Ni mavuno yale yale, mama. Pipa lile lile, lakiri ile ile, na aliyechovya ni mimi yule yule."

"Tofauti ni nini?"

"Muulize meneja."

Wepesi alinisogelea, akaninong'oneza huku meno yake yanaonekana kwa ajili ya mgeni. "Baba mkubwa, mwambie ziko nyingine."

"Ziko," nikasema kwa sauti ambayo ngazi nzima iliisikia. "Si zako."

Mnunuzi alivaa miwani yake akamtazama Wepesi, akanitazama mimi, akaelewa nyumba yetu kuliko tulivyotaka. Alisema ataendelea na mvinyo wa kila siku katika plastiki, mradi kidole kile kisibandikwe juu yake. Kuhusu Mlalaji, atasubiri miaka mitatu, wa kioo, na atazungumza na mwenye funguo. Akaaga.

Shangazi alinifuata uani, anachechemea ule mguu wake kwa makusudi ili nimsubiri.

"Ulijua," akasema.

"Nilisema mbele yako. Ulikuwa unamenya karanga."

"Ulisema mara moja, kaka, kama mtu anayeomba chumvi."

"Baba alisema mara ngapi?"

"Baba hakuwahi kuacha mvinyo ufe ili amkomeshe mtoto. Angekuchapa wewe."

"Angeanza na yeye."

Alinikazia macho. Yeye ndiye pekee aliyebaki duniani anayejua nilikuwa nikilia kwa sauti gani nilipokuwa mdogo, kwa hiyo macho yake huniudhi. "Ule mvinyo ulikuwa wa mizabibu ya Mvunja Mawe," akasema. "Si wake yule mtoto. Ulikuwa wetu sote. Hukuumia?"

"Kila chupa," nikajibu. "Niliumia na nikachovya. Sasa sauti yako iko wapi?"

Alikaa juu ya kreti la plastiki, likabonyea, akabetua mdomo. "Iko hapo ulipoitaka tangu mwanzo," akasema. "Lakini usidhani nimekusifu."

Jioni hiyo, sebuleni, chini ya picha ya baba, sauti zilikuwa mbili kwa moja, na safari hii moja haikuwa yangu. Wepesi aliziweka funguo mezani. Nilimwambia aziweke kiganjani mwangu. Akaziweka kiganjani.

"Nisamehe, baba mkubwa," akasema.

"Kesho," nikamjibu, "baada ya kazi."

Kesho yake niliwakusanya wafanyakazi wote uani, wale wale, na wazee wa shambani nikawapa viti vya mbele. Chupa zote za Mlalaji wa plastiki zilipandishwa kutoka ghalani, kreti juu ya kreti. Nikavua aproni nikamvalisha, nikamfunga kamba nyuma mimi mwenyewe. Ilimkaa vizuri; tuna mabega ya aina moja katika ukoo wetu.

"Mwanangu," nikamwambia, "heshima ni yako. Mwaga wewe, uwe umeaga."

Alibandua, akafungua, akamimina kwenye mfereji wa maji machafu, akaitupa chupa tupu ndani ya ile mashine aliyoinunua yeye. Akachukua nyingine. Mwanzoni alifanya haraka, kama kawaida yake. Nikamwambia hakuna haraka. Jua lilipanda, siki ikawavuta nzi wa mtaa mzima, lakiri ikamjaa chini ya kucha. Hakuna aliyecheka, maana nilikuwa nimekataza. Nilitaka asikie kazi yenyewe, si watu. Mara moja aliomba akae. Nikamwambia mimi nilisimama.

Kulikuwa na wakati, karibu na mwisho, upepo uligeuka ukaniletea harufu ya mfereji usoni. Ndani ya ule uchachu, kwa chini kabisa, nilinusa mteremko wetu: mawe yaliyopata jua, na ngozi nene ya zile zabibu ndogo nyeusi. Nilijikuta nimeshika funguo kiunoni kwa nguvu hadi zikaniachia alama. Shangazi, kwenye kiti chake, alikuwa ananitazama. Niliinua kidevu nikamwonyesha Wepesi kreti linalofuata.

Alipomaliza nilimwonyesha kitufe. Akabonyeza. Plastiki haisagiki kama kioo. Hailii, hunung'unika tu na kujikunja. Ndipo nikamwambia nimemsamehe, na nilikuwa nimemsamehe kweli, kwa kuwa hakikubaki kitu nilichokuwa namdai.

Kalibu mpya ilitengenezwa kwa kunakili moja ya chupa zangu, kwa hiyo kidole begani ni kile kile cha baba. Mvinyo wa kila siku unakwenda na plastiki yake, bila alama yetu, nayo inafaa kwa haraka iliyoumbiwa. Mlalaji yuko kwenye kioo, amelala ubavu gizani, na taa za rafuni nilizing'oa. Wepesi ndiye mchovyaji. Amekuwa mchovyaji mzuri, mikono yake imetulia, na maneno ya aproni yameanza kufifia kwa kufuliwa. Anadhani yakifutika kabisa nitamvua. Sijamwambia kwamba nimeshamtafuta mtarizi.

Nanyi watoto wake, mnaoniita babu sawa na wajukuu wa damu yangu, msininunie mezani kwa ajili ya aproni hiyo. Mtakaporithi funguo hizi, na mtazirithi, atakuja mtu na kitu chepesi mkononi akawaambia cha zamani ni kizito. Huenda akawa na haki. Kipimeni. Lakini akisimama mzee wenu akasema neno juu ya kazi, wekeni karanga chini, zimeni kamera, msikilizeni anaposema, kwa kuwa hatarudia. Mimi nimesema.